Mkunga na Pindo la 26

Katika nchi iliyopitiwa na mstari ule unaoigawa dunia nusu mbili, penye mlima wa theluji katikati na bahari ya pepo za msimu upande wa maawio, wanyama waliishi miaka mingi kwa sheria ambazo hawakuzitunga wao. Ziliachwa na Simba wa Visiwani, waliokuja kwa merikebu wakatawala, na siku ya kuondoka wakachukua bendera yao na tarumbeta zao, sheria wakaziacha. Humo mlikuwa na amri tatu juu ya mimba: mkunga akiitoa afungwe miaka 14, jike mwenye kutolewa afungwe miaka 7, na mwenye kuleta dawa au chombo afungwe miaka 3. Simba walipofika kwao, hata miaka minne haijatimia, waliketi wakazilegeza amri hizo kwa ajili ya majike wao wenyewe. Wanyama wa nchi ya Mstari habari hiyo iliwafikia wasiifanyie kazi. Wakazitunza amri za Simba kama wosia wa mababu, na aliyezigusa aliambiwa anavunja mila.

Amri zikakaa juu ya mti wa baraza, na kule chini mimba zikaendelea kuingia kwa njia zake zote: kwa mapenzi, kwa ndoa, kwa nguvu, kwa hila ya mjomba. Alikuwako Pundamilia wa watoto saba ambaye moyo wake ulikwisha kumwonya mara mbili kwamba hautambeba wa nane. Alikuwako Swala aliyeingiliwa kwa nguvu na dume wa zizi lake mwenyewe, na kila jioni wakalala zizi moja. Binti za Nyati na jamaa za Kiboko, mambo yalipowaharibikia, waliingizwa usiku kwa mlango wa nyuma katika nyumba za tiba za kilimani, wakahudumiwa kwa maji ya moto na mikono safi, na asubuhi wakarudi kwao kunywa uji. Hakuna askari aliyewauliza neno. Wasio na kitu walikwenda kwa Fisi. Fisi alikuwa na kibanda nyuma ya soko, giza mchana na usiku, akiuza majani machungu na vijiti vilivyochongwa, na akishapokea malipo hakutaka kujua mteja wake amelala wapi. Waliotoka kwake hai walibebwa kwa machela hadi kwa Bi Kima.

Bi Kima alikuwa mkunga, na mama yake alikuwa mkunga, na katika nchi nzima hapakuwa na vidole vyepesi kuliko vyake. Wengi wa wale waliokuja kukalia viti vya baraza ni yeye aliyewapokea duniani. Hata Nyati, aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu, alimtoa yeye. Sikusimuliwa kwamba alipenda kutoa mimba, wala kwamba aliona haya kuitoa. Nilichosimuliwa ni kwamba alimpokea kila aliyeletwa, akamfunika, akamwita mwanangu, na alipomaliza kumhudumia ndipo akamwuliza jina. Kilichomchosha ni kazi ya kurekebisha alichokiharibu Fisi, maana kazi hiyo ilimla nusu ya umri wake, na kila mwaka machela zilizidi.

Ukafika mwaka ambao wanyama, baada ya kuumizana vibaya kwa ugomvi wa kiti cha enzi, walikubaliana kuandika Ngozi Kuu mpya ya kuendeshea nchi. Waliandika habari za ardhi, za mito, za waamuzi, na palipokuwa na ubishi waliutuliza kwa mashauri. Lakini walipofika pindo la 26, lile la uhai, baraza likawaka moto. Mzee Korongo mwenye joho jeupe, aliyewalea yatima wengi katika kiota chake na ambaye hakuna aliyepata kumwona akila cha mwenzake, akasimama akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba uhai ni wa Muumba tangu siku ya kwanza tumboni, na nchi itakayoandika vinginevyo itakuwa imejilaani yenyewe. Aliyasema hayo kwa moyo wake wote, nami sipendi msikilizaji amdhanie vingine. Bi Kima akainuka upande wa pili.

“Mzee wangu,” akasema, “sibishani nawe juu ya siku ya kwanza. Nakuuliza juu ya usiku wa jana. Nililetewa mtoto wa umri wa mjukuu wako, homa inawaka, tumbo limevimba, na askari wako mlangoni wanataka waambiwe nani wa kumfunga. Niambie nilipaswa kufanya nini, kisha nitakaa.”

Korongo alinyamaza kwa muda mrefu. Jibu hakuwa nalo, wala hakuwa mtu wa kubuni jibu ili apigiwe makofi. Akakaa, na wengine wakadakia wakapiga kelele badala yake hadi jua likachwa.

Mwisho wake kila upande uliandikiwa mstari wake. Mstari wa 2 ulisema kwamba uhai huanza mimba inapotunga. Mstari wa 4 ulisema kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa kwa maoni ya mkunga aliyefunzwa pawe na haja ya tiba ya dharura, au uhai au afya ya mama iwe hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa iruhusu. Siku ya kuamua, walioikubali Ngozi Kuu waliinua jani la kijani na walioikataa wakainua jani jekundu. Korongo na wenzake waliinua jekundu, na sababu kubwa ilikuwa mstari ule wa 4. Lakini kila walipohesabiwa wanyama watatu, wawili walishika kijani, na Ngozi Kuu ikawa sheria juu ya sheria zote.

Kabla mwaka haujaisha, wajumbe wa nchi waliitwa kutia alama ya kwato katika mkataba wa bara zima juu ya haki za majike, ulioandikwa miaka saba nyuma katika mji mmoja wa bandari huko kusini. Walitia kwato kila penye kutiwa. Walipofika pindo la 14, penye maneno ya kuwaruhusu majike waliobakwa, walioingiliwa na ndugu wa damu, na wale ambao mimba inahatarisha afya au uhai wao, waliweka jiwe juu ya maneno hayo wakasema hapo hapawafungi. Wakarudi nyumbani kwa ngoma.

Hata hivyo, mwaka wa 2 tangu Ngozi Kuu ulianza vizuri. Kiboko, msimamizi wa tiba za nchi, aliwakusanya wakunga na waganga, wakaandika Kitabu cha Wakunga. Kitabu kilieleza mkunga aliyefunzwa ni yupi, dalili za hatari ni zipi, chombo gani kinatumika na kinasafishwaje, na mgonjwa aangaliwe vipi akishahudumiwa. Chini ya mvule mkubwa likafunguliwa darasa, na Bi Kima, ambaye macho yalikwisha anza kumpungua, akawafundisha vijana kwa kuwashika vidole. Mwaka huo huo ndege wahesabu waliruka nchi nzima, wakarudi na hesabu ya majike karibu 120,000 waliotibiwa ndani ya mwaka mmoja kwa madhara ya mimba zilizotolewa. Hao ndio waliofika penye tiba. Waliofia njiani, na waliozikwa na mama zao usiku ili aibu isijulikane, ndege hawakuwa na mti wa kutua wakawahesabu.

Mwaka wa 3, ukiwa unakwisha, Kiboko alituma matarishi wakikusanye Kitabu cha Wakunga kila kilipo. Wakunga hawakuitwa kuulizwa, na majike hawakuambiwa chochote. Miezi mitatu haijapita, mwanzoni mwa mwaka wa 4, ikapigiliwa barua kwenye mvule, ikisema kwamba hakuna haja ya kuwafunza watumishi wa tiba namna ya kutoa mimba kwa salama wala matumizi ya dawa zake, na atakayehudhuria mafunzo hayo atachukuliwa hatua. Benchi zikabebwa. Darasa likawa malisho.

Nawaomba sasa mtue mzigo mtazame jambo hili, maana mimi kila nikilifikia hunishinda kulipita. Mstari wa 4 haukufutwa. Ulibaki kwenye Ngozi Kuu kwa wino wake, na kila siku ya sikukuu ulisomwa kwa sauti pamoja na mistari mingine. Ulisema jike aliye hatarini asaidiwe kwa maoni ya mkunga aliyefunzwa. Barua ya Kiboko ikasema mkunga asifunzwe. Na amri za Simba, zile za miaka 14, 7 na 3, nazo zilibaki juu ya mti kama zilivyokuwa. Basi mkunga aliyemwokoa mama aliulizwa na askari, “Umefunzwa?” Akisema ndiyo, aliulizwa alifunzwa wapi na kwa ruhusa ya nani. Akisema hapana, alikuwa amejihukumu mwenyewe. Wakunga wenye watoto wa kulisha wakajifunza kusema kwamba chombo kimepotea, kwamba daktari hayupo, kwamba mgonjwa apelekwe mbele. Si wote waliokuwa waoga; wengi walikuwa watu wema waliotishwa, na tofauti hiyo mgonjwa aliyelala sakafuni hawezi kuiona.

Kulikuwa na kijana mmoja wa ukunga, Digidigi, mwanafunzi wa mwisho wa Bi Kima. Siku moja alimvizia Kiboko ukingoni mwa mto, akamwamkia kwa adabu, akamwuliza:

“Mheshimiwa, nikimkuta mama anakufa, nifanye nini?”

“Fuata Ngozi Kuu,” akasema Kiboko.

“Ngozi Kuu yasema niwe nimefunzwa.”

“Basi jifunze.”

“Nijifunze wapi, Mheshimiwa?”

Kiboko akazama majini. Digidigi alingoja pale ukingoni mpaka giza likaingia, na aliyengojwa hakuibuka upande ule.

Mwaka ule ule wa 4 ulipokuwa ukingoni, mtoto mmoja wa Paa alichukuliwa na dume lililompita umri kwa mbali, akashika mimba. Hakumwambia mama yake. Alipelekwa kwenye chumba cha kificho, akafanyiwa yaliyofanywa, na siku ya pili akaanza kutapika na kutokwa damu. Mama yake aliitwa, akambeba hadi nyumba ya tiba ya kwanza, akaambiwa hapa hatuna uwezo, nenda ya pili. Ya pili ikampeleka ya tatu. Njia ilikuwa ndefu na siku zikapotea njiani, na figo zake zikafa kabla hajapata mwenye ujuzi wa kumtibu inavyotakiwa. Aliishi na maradhi hayo miaka mitatu na zaidi, akisafishwa damu kwa mashine, mama akiuza alichokuwa nacho. Kisha akafa, naye bado binti. Mimi ni msimulizi tu, lakini sijapata kumsikia msema-uhai yeyote aliyefika kwenye matanga yale.

Huku hayo yakiendelea, lilikuwako jambo jingine lililotoka mbali. Ng'ambo ya bahari kubwa palikuwa na nchi tajiri inayotawaliwa kwa zamu na koo mbili, ukoo wa Tembo na ukoo wa Punda, nayo iligawa nafaka kwa nyumba za tiba za dunia nzima. Miaka 26 kabla ya Ngozi Kuu, Tembo alitoa sharti: nyumba ya kigeni itakayopokea nafaka yake isitoe mimba, isimwelekeze jike mahali pa kutolewa, wala isitetee sheria ilegezwe, hata kwa nafaka iliyoipata kwingine. Punda alipopata kiti alilifuta. Tembo aliporudi alilirudisha. Wakawa hivyo kwa zamu, kila baada ya miaka minane au minne, na wakunga wa nchi ya Mstari, wasio na jani la kuinua katika kura za ng'ambo, walikesha kusubiri nani ameshinda ili wajue kesho wataruhusiwa kusema nini. Mwaka wa 7 Tembo alilipanua sharti likashika hata nafaka ya wenye homa, ya wenye kifua kikuu na ya watoto wachanga. Nyumba zilizokataa kufunga midomo zilifungwa milango, na nyingi kati ya hizo ndizo zilizokuwa zikigawa majani ya kuzuia mimba zisiingie. Wataalamu walipozipima nchi 26 za bara hili, waliona kwamba kipindi Tembo alipokuwa na kiti, mimba zilizotolewa ziliongezeka zaidi katika nchi zilizotegemea sana nafaka yake. Hesabu hiyo ilichapishwa ikasomwa. Sharti halikubadilika.

Mwaka wa 9, Bundi watano waliketi kusikiliza shauri la mama wa yule mtoto wa Paa na la watetezi wa majike waliosimama naye. Wakaamua kwamba Kiboko alikosea kukiondoa Kitabu cha Wakunga na kupigilia ile barua, kwamba jike aliyeshika mimba kwa kubakwa naye ana haki ya kutazamwa chini ya mstari wa 4 ikiwa afya au uhai wake umo hatarini, na kwamba afya ni ya mwili na ya akili pia. Mama akaamriwa alipwe fidia. Wakunga walilia kwa furaha siku ile. Digidigi alikimbia hadi kwa Bi Kima, ambaye sasa alikuwa haoni kabisa, akamsomea hukumu yote, naye akataka asomewe mara ya pili.

Haikupita miezi minne. Upande wa pwani, kwenye kijiji cha ndani kisicho na maji ya bomba, binti mmoja mwanafunzi alifika kwenye nyumba ndogo ya tiba akiwa anatokwa na damu. Mimba ilikuwa imekwisha kuharibika. Tabibu alimsafisha, akamwokoa, akafanya kile ambacho tabibu yeyote hufundishwa kumfanyia aliyeharibikiwa. Mbwa-mwitu wa doria wakavunja mlango, wakamkamata tabibu na mgonjwa wake, wakabeba na daftari la wagonjwa. Binti alilazimishwa kupimwa upya na mikono migeni, akawekwa kizuizini. Mwaka wa 12 mwamuzi wa pwani aliyafuta mashtaka yote, akasema kwamba huduma hiyo ni katika haki za msingi chini ya Ngozi Kuu, na kwamba kumkamata mgonjwa na tabibu wake kiholela ni haramu. Waliochukizwa na hukumu hiyo wakaipandisha kwa Bundi wa juu zaidi. Mwaka huo huo wa 12, kule ng'ambo kwa Tembo na Punda, wengi wa waamuzi tisa waliifuta ruhusa ambayo majike wao walikuwa nayo kwa miaka 49, na barazani kwetu wakatokea waliopiga vigelegele, wakisema mnaona, hata wakubwa wamerudi nyuma. Walikuwa wale wale walioapa kwamba jambo lolote kuhusu majike ni mila yetu na halitaki mfano wa wageni.

Mwaka wa 15 Tembo aliporudi kwenye kiti na sharti lake mkononi, na vikapu vya nafaka vikaanza kurudishwa bandarini, majike wa nchi ya Mstari waliamua kwenda barazani wenyewe. Hawakuwa wamezoea kuingia mle. Pindo la 27, mstari wa 8, liliamuru kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya nchi, na baraza halikupata kulitimiza; mwaka wa 10 Bundi Mkuu alimshauri Mtawala alivunje baraza kwa sababu hiyo, na baraza likaendelea kuketi. Kwa hiyo waliposimama mlangoni, Pundamilia, Swala, mama zao na binti zao, viti vilivyowatazama, zaidi ya theluthi mbili, vilikuwa vya madume, na madume hao hao ndio waliokuwa wakijadili, kikao baada ya kikao, kilicho halali ndani ya miili isiyo yao.

Digidigi akasema kwa niaba yao. Sauti yake haikuwa kubwa.

“Waheshimiwa, hatukuja kuomba sheria mpya. Tumekuja kuomba ile mliyoiandika. Lifungueni pindo la 26, muusome mstari wa 4 mpaka mwisho. Mmesema mkunga afunzwe, turudishieni darasa. Bundi wamesema kitabu ni halali. Kipelekeni kila nyumba ya tiba, hadi zile za mwisho wa njia. Waambieni askari wasiingie penye mgonjwa. Zile amri za Simba, miaka 14, miaka 7 na miaka 3, ziteremsheni mtini, maana kila mkunga anayeinua mkono huzitazama kwanza kabla ya kumtazama mgonjwa. Na jike mwenye akili zake timamu, aliyekaa akatafakari hali yake na watoto alionao, mpeni nafasi ya kusikilizwa kabla hajafika kwa Fisi. Ni hayo.”

Nyati alitaka kujibu, lakini Mzee Korongo aliomba nafasi kwanza. Alikuwa amezeeka, joho limefifia.

“Jani langu bado jekundu,” akasema. “Ninaloliamini juu ya siku ya kwanza sijaliacha, na nikifa nitazikwa nalo. Lakini Bi Kima aliniuliza swali mahali hapa, mbele yenu, nami nikakaa. Tangu siku ile nimewazika mabinti ambao niliwabatiza mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuponywa na barua ya Kiboko. Sikulijibu swali lile. Nawaomba ninyi mlilijibu, kwa sababu kitabu kilifichwa na ninyi.”

Baraza likavuma. Kiboko hakuwapo, ilisemwa kwamba yuko mtoni. Nyati aligonga meza mara tatu, akasema kwamba suala ni zito, lina hisia nyingi, na kwamba litapangiwa kikao maalumu ili wadau wote wasikilizwe.

“Tarehe gani, Mheshimiwa?” akauliza Digidigi.